Shokapu nusura imng'oe jicho fundi wangu

Najua wapo waliosema kijana kaingia mitini, wengine wakadai kaoa kimya kimya. Hakuna cha ndoa wala nini. Wiki mbili nilizokosekana nilikuwa nimeuchuna kwa aibu. Leo nafungua yote, ingawa kwa sasa hilo neno "kufungua" silipendi hata kulisikia.

Kwa msomaji wa Dar asiyejua Samuye iko wapi: ukifika njia panda ya Tinde, basi likikata kuelekea Shinyanga mjini, usisinzie. Utaona maduka, bodaboda zimejipanga, akina mama na mafungu yao ya nyanya, ng'ombe wanavuka lami kama wameinunua. Hapo ndipo kwetu. Ukiona kijana mwembamba anasukuma baiskeli badala ya kuipanda, ndiye mimi, mwambie dereva apige honi.

Huku Usukumani baiskeli si mchezo wa watoto. Kabla bodaboda hazijatuvamia, mjini Shinyanga baiskeli ndiyo iliyokuwa teksi. Unakalia keria, unapelekwa hadi mlangoni. Vijijini ilibeba pamba, mkaa, maji, kuku, wagonjwa na hata bibi harusi. Wazee wa hapa ukiwatajia Phoenix au Swala wanatabasamu peke yao kama mtu aliyetajiwa mchumba wa zamani. Zile zilikuwa chuma kitupu. Shokapu yake ilikuwa makalio yako mwenyewe.

Mimi kijana wa kisasa nikataka ya kisasa. Mwaka jana, baada ya kuuza mpunga, nikajumlisha na vijisenti vya safu hii (mhariri, soma hapo taratibu), nikaenda mjini kwa wauza baiskeli za mtumba. Nikaokota mauntenbaiki. Siyo zile za kuchorwa maua, hapana, ya ukweli. Mbele ina shokapu mbili, na nyuma ina nyingine moja imelazwa katikati ya fremu, chini ya kiti, nene kama tochi ya betri tatu. Ukiikalia inazama kidogo, halafu inakurudisha taratibu kwa heshima. Siku ya kwanza nilivuka mashimo yote ya kwenda kwetu nikiwa nimekaa, mkono mmoja mfukoni. Watoto wakanikimbilia nyuma. Bwana, nilijiona.

Asili ya hizi shokapu ni kwenye pikipiki. Mmarekani mmoja, Paul Turner, aliyekuwa fundi wa pikipiki za mashindano, ndiye aliyeanzisha kampuni ya RockShox mwaka 1989 kutengeneza shokapu za mbele za baiskeli. Watu walicheka, wakasema ni uzito wa bure. Mwaka uliofuata, 1990, kwenye mashindano ya dunia ya mauntenbaiki huko Durango, Colorado, Ned Overend alishinda mbio za kawaida na Greg Herbold akashinda za kuteremka mlima, wote wawili wakiwa na shokapu hizo. Wacheka wakafunga midomo. Mwaka 1996 mchezo wenyewe ukaingia Olimpiki ya Atlanta.

Sasa turudi Samuye. Baada ya kama mwaka hivi, ile heshima ikaisha. Shokapu ya nyuma ikaanza kudunda. Nikipita tuta ilikuwa inanirusha juu kama fahali anayemkataa mchungaji, nikitua inanirusha tena. Ikawa na kisauti cha ndani, kwichi kwichi, kama mtu anayesukutua mdomo. Na kwenye ile fimbo yake inayong'aa, inayoingia na kutoka, pakawa na pete ya oili iliyoshika vumbi.

Mwenye akili angejua ugonjwa ni nini. Chukua bomba la sindano, lile la hospitali, bila sindano yenyewe, ujaze maji. Sukuma polepole, maji yanatoka bila ubishi. Sukuma kwa nguvu na kwa ghafla, linagoma. Shokapu ndivyo ilivyo. Springi au hewa kazi yake ni kukubeba, oili kazi yake ni kutuliza. Ndani kuna pistoni yenye vitundu vidogo, na oili inalazimika kupenya humo kila unapozama na kila unaporudi. Hapo ndipo ule mrusho unapofia, unageuka joto. Oili ikichoka, au ikipungua, au ikiingiliwa na hewa ikawa povu, inapenya bila kazi. Povu halitulizi kitu. Kinachobaki ni springi tu inayokuchezea.

Na oili huchoka. RockShox wenyewe kwenye vitabu vyao wanasema sehemu ya hewa ya shokapu ya nyuma isafishwe kila baada ya saa 50 za kuendesha, na sehemu ya oili kila baada ya saa 200. Mimi naenda mjini mara tatu kwa wiki, kwenda na kurudi kama saa tatu. Piga hesabu. Saa 50 nazimaliza kwa wiki sita, saa 200 kwa miezi mitano. Nimekaa nayo mwaka mzima, na kabla yangu iliendeshwa huko ilikotoka hadi wakaichoka. Nilikuwa naendesha maiti.

Lakini msomaji, kilichonitia haraka siyo oili. Kuna kidosho mmoja wa Ngokolo, pale mjini, anafanya kazi saluni. Nilishamsimulia hiyo baiskeli hadi akachoka, akasema basi Jumamosi ilete niione, nipige nayo picha. Mwanaume mzima, uende mbele ya mtoto wa watu unadunda kama mpira wa kitenesi? Haiwezekani. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Fundi wangu yuko pembeni ya lami, chini ya mwarobaini, na kibanda cha mabati upande mmoja. Ni kaka yangu wa mtaani, amenizidi kama miaka kumi, mke mmoja na watoto watatu. Mkewe, shemeji yetu, anakaanga maandazi hatua kumi kutoka hapo. Jamaa ana mkono. Baiskeli, bodaboda, pampu ya maji, redio, hata cherehani ya mama yangu amewahi kuifufua. Na oili za shokapu za mbele za bodaboda amebadilisha nyingi kuliko chai alizokunywa.

Hiyo ya bodaboda ndiyo iliyotuponza, maana ni kazi nyepesi mno. Unasimamisha pikipiki ikasimama imara, unalegeza kifuniko cha juu cha mguu wa shokapu huku umekikandamiza, kwa kuwa chini yake kuna springi, unafungua boliti ya chini, oili chafu inatoka nyeusi kama chai ya msibani. Unasukuma mara kadhaa itoke yote, unafunga, unapima mpya kwa chombo chenye alama, mguu wa kushoto na wa kulia sawasawa, basi. Kama sili zinavuja unabadilisha hapo hapo. Pikipiki inarudi kijana. Angalizo kwa ndugu zangu wa bodaboda: wapo wanaotia oili ya injini, tena ile iliyokwishatumika. Ile imejaa vumbi la chuma, inakwangua fimbo, sili zinakufa. Wengine wanatia mafuta ya breki kwa sababu nayo ni mepesi. Yale yanaharibu mpira wa sili ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake. Ipo oili ya shokapu, inauzwa mjini, ina namba yake kulingana na uzito. Nunua hiyo.

Basi nikamwambia fundi, kaka, na hii ni shokapu, ina oili, tufungue tumwage tutie mpya. Akaigeuza geuza. Akasema, "Mdogo wangu, hii sijawahi kuifungua. Tuiache kwanza niulize." Msomaji, mtu alisema tuiache. Nataka ujue hilo. Mimi ndiye niliyemwambia auliza nini, video ninayo kwenye simu.

Kweli nilikuwa nayo. Mzungu mmoja, mikono na glovu nyeusi, meza safi kama ya daktari. Tukaangalia wote, fundi kachuchumaa, mtoto wake wa mwisho kaniegemea begani. Mzungu akafungua kile kivalvu kidogo, hewa ikatoka fyuuu. Akazungusha mkebe wa nje, ukatoka. Akapangusa, akaonyesha oringi zilizochakaa. Halafu akageukia lile bomba la ndani lenye oili, akashika kitu kidogo kama bisibisi, akasema maneno ambayo kwa sura yake yalikuwa ya muhimu, na bando likakata.

Likakata hapo hapo. Salio sina, dukani hapana vocha, na mimi nina Jumamosi yangu. Nikasema, si tumeshaona? Kilichobaki ni kama bodaboda.

Sehemu ya kwanza tulifanya vizuri, nisitudharau. Tuliitoa shokapu kwenye baiskeli, tukatoa hewa yote, ule mkebe wa nje ulikuwa umegoma tukauzungushia kipande cha mpira wa tyubu ya ndani ili mkono usiteleze, ukakubali. Ndani mlikuwa na uchafu mweusi, oringi zimepasuka. Tukapangusa. Tukabaki na bomba la alumini na fimbo yake. Fundi akalibana kwenye jiliwa, akalikunjia kitambaa, akashika spana ya bomba, akaanza kulegeza kile kifuniko ambacho fimbo inapita katikati yake.

Kikagoma. Akaongeza nguvu. Kikazunguka robo, kikazunguka nusu. Fundi akasema, "Mbona kigumu hivi hata baada ya kulegea?" Boliti ikishalegea huwa nyepesi, hata mtoto anajua. Hii ilikuwa inalegea na bado nzito. Chuma kilikuwa kinatwambia kitu. Nikamwambia, "Kutu hiyo kaka, malizia."

Kichwa chake kilikuwa hapo juu ya jiliwa, anachungulia. Akapita mayu mmoja, mama mtu mzima, na dumu lake kichwani. Sasa wewe kama ni Msukuma unajua, mtu mzima hapiti hivi hivi. Fundi akanyoosha shingo, akageuza uso nyuma, mikono bado iko kwenye spana. "Mwangaluka, mayu!" Mayu naye akasimama. "Mwangaluka, ng'wanawane!" Za nyumbani, njema, watoto, wazima, mama yako mguu umepoaje, ng'ombe, mvua, yule aliyekwenda Geita karudi? Salamu zetu hizi vijana wa mjini mnazicheka kwamba ni ndefu. Na fundi huku anaitikia akawa anaendelea kuvuta spana kwa mazoea, kidogo, kidogo tena.

Ukalia mlio kama tairi la lori.

Mimi niliona ukungu mweupe tu. Ile fimbo na pistoni na kifuniko chake vilipita palepale uso wa fundi ulipokuwa muda mfupi uliopita, vikagonga bati la kibanda, bati likatoboka. Oili ikamrukia fundi shavuni, sikioni, shingoni, na kwenye kona ya jicho la kulia. Akapiga kelele, akajishika uso, akakaa chini. Mayu dumu likamdondoka. Mtoto akalia. Shemeji akaacha karai la mafuta motoni akaja mbio na ndoo ya maji.

Na mimi? Hapa ndipo ilipo ile aibu ya wiki mbili. Mimi nilikuwa nimeinama. Nilikuwa natafuta oringi kwenye mchanga. Sijui nini kilinipata, pengine akili ilikuwa imegoma, mikono ikafanya ilichojua. Lakini ukweli ni kwamba mtu amekaa chini anashika jicho, na mimi natafuta vipande vya baiskeli. Shemeji alikuwa amemshika mumewe kichwa, anammwagia maji, akainua macho akaniona. Akaniuliza kwa sauti ndogo kabisa, "Shemeji, unatafuta nini?"

Sikuwa na jibu. Nikadondosha vile vitu, nikaenda kuchota maji. Tulimwosha jicho kwa maji safi muda mrefu, ndoo ya pili ikaisha. Kwenye zahanati wakalichunguza, wakasema lilichubuliwa na oili tu, halikupasuka, wakampa dawa. Siku nne jicho jekundu kama pilipili, na siku nne hakufungua kibanda. Nyumba ya watu watano ikaishi kwa maandazi. Mimi sikupita pale hata mara moja. Nilikuwa nazungukia nyuma, njia ya mashambani, kama mwizi wa kuku.

Aliyekuja kunifumbua macho ni shemeji yangu mwingine, mume wa dada. Huyu alikuwa fundi wa malori makubwa kwenye mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, pale Kahama, kabla haujafungwa mwaka 2021. Alipomaliza kunisikiliza akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Mlitoa gesi?" Nikasema hewa tulitoa yote. Akasema siyo hewa. Gesi.

Kumbe ndani ya lile bomba, nyuma ya oili, kuna chumba kingine kidogo, kimetengwa na pistoni ya pili isiyoshikwa na kitu, inaelea tu. Humo mna naitrojeni. Sababu yake ni hii. Oili haibanwi. Fimbo inapoingia ndani ya bomba inataka nafasi, na bomba limejaa oili. Bila kitu cha kubanwa shokapu ingekuwa ngumu kama nondo. Kwa hiyo inaisukuma ile pistoni inayoelea, naitrojeni inabanwa, nafasi inapatikana. Pia ile gesi inaikandamiza oili muda wote ili isitoe povu ikipata kazi ya haraka. Kwa nini naitrojeni? Siyo uchawi, hewa tunayovuta tayari asilimia 78 ni hiyo hiyo. Ila ya kwenye mtungi ni kavu, haina unyevu.

Na malori ya mgodini ni hivyo hivyo, akasema. Yale yenye matairi marefu kuliko mtu hayakalii springi kama fuso. Yanakalia mitungi minene ya oili na naitrojeni. Sheria ya kwanza aliyofundishwa ni kwamba hakuna mtu anayegusa kifuniko cha mtungi kabla gesi haijatoka yote na kuhakikishwa kwa geji. Na ule mzungu wa video, alipobeba kile kitu kama bisibisi, ndicho alichokuwa anafanya.

Kisha akanipigia hesabu, na hapo ndipo jasho lilinitoka. Tairi la gari dogo lina paundi kama 30. Chumba cha naitrojeni cha shokapu ya baiskeli kina paundi 250, 300, nyingine zaidi, kwa kila inchi moja ya mraba. Mdomo wa bomba kama langu ni karibu inchi moja ya mraba. Maana yake kile kifuniko, muda wote fundi anakilegeza, kilikuwa kinasukumwa kutoka ndani kwa nguvu ya kama kilo 136. Gunia la mahindi na zaidi, limekaa nyuma ya kitu kidogo kama kizibo cha soda. Ndiyo maana kilikuwa kizito hata baada ya kulegea. Haikuwa kutu.

Sasa kwa wewe uliyenunua mauntenbaiki ya mtumba, iwe Shinyanga, Kahama, Geita au Mwanza, nakupa nilichokilipia kwa bei mbaya. Kwanza jua unacho nini. Baiskeli nyingi mpya za bei rahisi zinazouzwa na mspringi mwekundu nyuma hazina oili kabisa, ni springi na kipande cha mpira, mapambo. Iminye uiachie ghafla. Ikiruka papo hapo hakuna oili ya kubadilisha, tia girisi kwenye viungo uendelee na maisha. Ikirudi taratibu na kisauti cha kunong'ona, ina oili. Ikiwa na kivalvu kama cha tairi la gari, inabebwa na hewa, na hewa hiyo haijazwi kwa pampu ya kawaida ya baiskeli. Pampu ile ina tumbo kubwa na haifiki huko. Inatakiwa pampu yake ndogo yenye geji, inayofika paundi 300. Wengi huanza na paundi zinazolingana na uzito wa mwili kwa ratili. Mimi nina kilo 65, yaani ratili 143, nilianzia hapo.

Ule mkebe wa nje wa hewa unaweza kuusafisha mwenyewe chini ya mwembe wako. Toa hewa yote kwanza, iminye uitoe tena. Ikiwa shokapu imezama na haitaki kurudi hata baada ya kutoa hewa, simama hapo hapo, kuna hewa imenaswa ndani, usifungue. Ikiwa sawa, fungua, pangusa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, badilisha oringi, paka girisi ya shokapu, matone machache ya oili, funga. Hiyo peke yake inarudisha nusu ya uhai. Lile bomba la ndani liache. Liache kabisa. Mtu mwenye geji, mtungi wa naitrojeni na miwani ndiye wake, na kama hapo ulipo hayupo, basi endesha inavyodunda.

Shokapu yangu? Ile fimbo iliangukia mawe ikachubuka, na fimbo yenye mchubuko inakata kila sili utakayoweka. Imekwisha. Nilipojikaza kwenda kibandani, wiki ya pili, nilimkuta fundi kainama kwenye gurudumu la mtu. Nikatoa pesa za siku nne, zile nilizokuwa nimeweka za Jumamosi na juu yake malipo ya makala mbili. Akakataa. Nikasisitiza, akakataa tena. Akasema, "Mdogo wangu, nilikwambia tuiache, na mikono iliyofungua ni yangu." Nikaona huyu hatachukua. Akapima tundu hadi tundu ya ile shokapu, akakata bapa la chuma, akalitoboa kwa kipimo kile kile, akalifunga mahali pake. Sasa ninayo mauntenbaiki yenye adabu za Phoenix. Natambaa nayo polepole, fremu isije ikapasuka. Yule wa Ngokolo ameiona, akauliza, "Ndiyo hiyo ya majuu?" Hayo tuyaache.

Zile pesa nilipanda nazo basi hadi mjini, nikanunua miwani ya fundi, ile mikubwa ya plastiki inayofunika hadi pembeni. Nikampelekea. Aliivaa papo hapo, na tangu siku hiyo haivui. Anaziba pancha na miwani, anakunywa chai na miwani, watoto wanamwita rubani.

Jana nikasogea kwa shemeji na sahani yangu, mara ya kwanza tangu siku ile. Hakusema kitu. Akahesabu maandazi matano, akanirudishia chenji ya mia. Nilipokuwa naondoka akaniita.

"Shemeji. Ulichokuwa unatafuta siku ile ulikipata?"

Nikamwambia zilikuwa oringi tatu, moja bado sijaiona. Akacheka hadi akashika kiuno. Akafungua kile kikopo anachowekea chenji, akaitoa, nyeusi, ndogo kama pete ya mtoto, akanipa.